UZI: Misa ya upatanisho Lubumbashi. Kitenge tayari, kuku tayari. Na nyumba za watu je?

Wakubwa kwa wadogo, habari za jioni. Sitazunguka. Nina hasira, na hasira yenyewe ni ya kanisa langu, mimi Mkatoliki niliyebatizwa na kufunga ndoa hapa hapa Lubumbashi. Wa Goma na Bukavu mnaosoma, vumilieni, mtaona na ninyi mnaguswa.

Parokia yetu (siitaji jina, wenye kujua watajua) inaandaa misa kubwa ya upatanisho kati ya watu wa Katanga na watu wa Kasai. Kuna kamati, na ndani ya kamati kuna kamati ndogo. Kitenge kimeshachaguliwa: njiwa wawili na msalaba katikati, kila familia inajinunulia. Kwaya zinagombania wimbo wa matoleo. Kuna mtu wa kupiga video. Kikao cha mwisho tulikaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamegusa kidevu, na jambo lililokula muda kuliko yote ni kama kuku wanunuliwe wazima sokoni au waletwe wa kugandishwa kutoka Zambia.

Nikainua mkono. Nikauliza: katika programu hii, ni saa ngapi watu waliopoteza nyumba zao 1992 na 1993 watapewa nafasi ya kusema? Na wale wanaokaa ndani ya nyumba hizo mpaka leo, ambao wengine tunapeana nao amani kila Jumapili, tumewaandalia neno gani?

Mwenyekiti akafunga daftari. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akasema: "Mdogo wangu, sisi tumekuja kupatanisha watu. Usituletee mambo ya parsele." Mama mmoja wa Lejio ya Maria akaongeza kwamba nafukua maiti. Paroko akatazama saa, akaanzisha Salamu Maria, tukatawanyika.

Mambo ya parsele, yaani viwanja na nyumba! Sasa tunapatanishwa kwa sababu ya nini kama si mambo ya parsele, ya kazi, ya damu ya watu?

Kwa vijana mliozaliwa nyuma, na kwa walio mbali, nieleze. Agosti 1992, kule Kinshasa, Konferensi ya Taifa, mkutano wa kutafuta demokrasia enzi za Mobutu, ilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu, akachukua kiti cha Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Huku kwetu, jimbo likiitwa bado Shaba, gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, na vijana wa chama chake walikuwa wamekwisha kufundishwa mikutanoni kuwaita Wakasai "bilulu", wadudu. Fujo ilianza Lubumbashi, ikawaka Likasi, na mwaka uliofuata ikafika Kolwezi. Mamia ya maelfu ya watu walifukuzwa. Walilala stesheni wiki na wiki wakingoja mabehewa ya mizigo ya kuwapeleka Kasai, Mwene-Ditu na Kananga, miji ambayo wengi wao hawajawahi kuiona hata kwa picha. Watoto walikufa stesheni. Wengine walikufa njiani.

Na hao "wageni" walikuja lini? Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya machimbo ya shaba, ndiyo iliyokwenda kuwachukua, miaka ya 1920, ikitaka wafanyakazi wa kukaa na familia zao, na reli ya Kasai ikaunganishwa. Ukipiga hesabu, waliofukuzwa 1993 wengi walikuwa wajukuu wa waliokuja.

Baba yangu ni Musanga. Mama yangu ni Muluba wa Kasai. Basi wale mnaonoa vidole muandike "huyu ni Mukasai amejificha", okoeni megabaiti zenu. Kaka ya mama yangu, mjomba niliyelelewa naye, alikuwa na nyumba Likasi, komini ya Kikula: vyumba vinne, bomba uani, kuta za tofali za kuchoma alizozinunua kwa mshahara wa karakana, mwezi hadi mwezi. Aliiuza kwa bei ya baiskeli. Ndiyo, kuna karatasi ya mauzo, na kuna sahihi yake. Ilitiwa meza ikiwa uani, vijana wenye mapanga wakiwa wamekalia ukuta, na mnunuzi akimwambia kwa upole, "Baba, afadhali mimi ninayekujua kuliko hawa." Mnunuzi alikuwa kiongozi wa sala katika jumuiya yao. Mjomba yuko Mbuji-Mayi, amezeeka, na kitabu cha parsele bado anacho, amekifunga ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ubatizo.

Sasa niambieni huyo mzee apatanishwe na nani, na kwa lipi. Akanyage njiwa kwenye kitenge?

Nimejibiwa kwenye simu, hasa katika grupu letu la kwaya, na majibu ni yale yale. "Yaliyopita si ndwele." Nimegundua methali hii huisikii kamwe kwa aliyefukuzwa, inasemwa na aliyebaki na funguo. "Maji yakimwagika hayazoleki." Nyumba si maji, ndugu yangu. Nyumba ipo, ina namba, ina mpangaji anayelipa kila mwisho wa mwezi. "Unaleta mgawanyiko kanisani." Hapa ndipo ninapopandwa na mori, maana hawa ni watu wenye Biblia kwapani.

Fungueni Matendo ya Mitume, sura ya sita. Kanisa bado changa kabisa, na tayari kuna malalamiko ya kikabila: Wayahudi wa Kiyunani wananung'unika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Petro na wenzake, Waebrania wote, hawakuwaambia hao watu kwamba wanaleta mgawanyiko, wala hawakuwapangia misa na kitenge. Waliitisha mkutano, wakakubali kwamba kuna tatizo, wakachagua watu saba wa kushika ule mgao. Na tazameni majina: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya Kiyunani! Yaani chungu chenyewe walikabidhiwa wale waliokuwa wananyimwa. Baraza la parokia yetu, katika mtaa ambao nusu ya watu majina yao yanaanza na Tshi, majina ya Kasai, halina hata Tshi mmoja. Wakasai wanatakiwa kwenye matoleo na kwenye kufagia.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, simtaji hata kumtaja, kila mtoto wa katekisimu anajua alisema atarudisha mara ngapi.

Kuna watakaosema kanisa linahubiri tu, kugawanya watu ni kazi ya wanasiasa. Si kweli, na hapa mjini tuna ramani ya kuonyesha. Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilianzishwa 1910, na haikuchukua muda ubaguzi ukachorwa ndani ya barabara zake: Wazungu upande huu, weusi Kamalondo, wakati ule ikiitwa Albert, na katikati uwanja mtupu wa mamia ya mita, eti mbu wa mtu mweusi asifike kwa Mzungu. Misioni ilikuwa na vituo pande zote mbili na haikuona taabu. Askofu de Hemptinne, aliyeongoza Kanisa la Katanga kwa miongo mingi, alikuwa mtu wa karibu wa serikali ya kikoloni na wa kampuni. Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara, askari wakawamiminia risasi, makumi wakafa, msemaji wao Léonard Mpoyi akiwa mmoja wao. Kesho yake kengele ya kanisa ililia kama kawaida. Ukoloni ulitupanga kwa rangi kwanza, halafu kwa kabila, nani anafaa ukarani, nani anafaa shimoni, na shule zilizotuchuja zilikuwa za mapadri na masista. Mbegu ilikaa vizuri. Mwaka 1957 Wabelgiji waliporuhusu uchaguzi wa komini hapa mjini na watu wenye asili ya nje ya Katanga wakashinda, mwaka uliofuata CONAKAT, chama cha waliojiita Wakatanga asilia, ikazaliwa. 1961, wakati Katanga imejitenga na Kongo chini ya Tshombe, maelfu na maelfu ya Waluba walikuwa wamekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pembezoni mwa mji huu huu. 1992 haikuanguka kutoka mbinguni.

Mnataka kujua upatanisho unaanzia wapi? Waulizeni kina mama watano wa Katende. Walizaliwa Kongo wakati wa ukoloni, baba Mzungu, mama mweusi. Serikali ya Ubelgiji iliwanyang'anya kwa mama zao kabla hawajafika miaka saba kwa kosa la rangi yao tu, wakakabidhiwa masista wa misioni ya Katende, huko huko Kasai. Uhuru ulipokuja na vita, wakaachwa. Mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba msamaha bungeni kwa watoto wote machotara waliotendewa hivyo. Vizuri sana, makofi. Kina mama hao, sasa ni bibi, walisikia msamaha wakaenda mahakamani. Mwaka 2021 wakashindwa. Wakakata rufani. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufani ya Brussels ikasema waziwazi kwamba lile lilikuwa kosa dhidi ya ubinadamu, na kila mmoja alipwe euro 50,000. Pesa hiyo haimrudishii mtu utoto wake, lakini jambo limepewa jina lake, mkosaji ametajwa, na mfuko wake umefunguliwa. Grupu letu la kwaya lilishangilia sana hukumu ile, ujumbe wa "haki imetendeka" ukapita usiku mzima. Mzungu alipe! Mjomba wangu akiuliza nyumba yake, anafukua maiti.

Na msidhani ni sisi tu tuliopata visingizio vitamu. Mwaka 1857, Afrika Kusini, sinodi ya Kanisa la Kiholanzi iliruhusu waumini weupe na weusi wasali mbalimbali, ikikiri kabisa kwamba Biblia haitaki hivyo, lakini kwa sababu ya "udhaifu wa wengine". Huruma tu kwa ndugu wenye roho nyepesi! Ikageuka makanisa tofauti, na karne iliyofuata apartheid ikapata mapadre wake. Ilibidi kufika 1982 Wakristo wa kanisa la machotara lililotolewa na kanisa lile lile, katika sinodi yao ya Belhar, kuandika ungamo la kwamba Mungu yuko upande wa anayeonewa na kwamba kutenganisha watu kwa rangi ni dhambi. Mwenyekiti wetu alinifuata nje ya kikao akaniambia kwa sauti ya ubaba: "Unajua wengine bado hawajakomaa, tukiwagusa nyumba watahamia makanisa ya uamsho." Udhaifu wa wengine.

Nasi tunajua Kanisa la hapa likitaka linaweza. Mei 2022, ndani ya kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, tulimwona rais wa zamani Joseph Kabila na Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, watu waliokuwa hawasalimiani, wakipeana mikono mbele ya askofu mkuu Fulgence Muteba. Mashekhe, machifu, wabunge, wote waliitwa wakaja. Kama vigogo wanaitika, mnunuzi wa Kikula hawezi kuitwa ofisini kwa paroko?

Haya si mambo ya zamani peke yake. Kila treni ikiingia kutoka Kasai na vijana wanaotafuta maisha, nendeni stesheni mkasikilize maneno. Wanalala nje na mabegi yao, wanauza karanga na kubeba mizigo, na lile neno la wadudu linarudi midomoni mwa watoto ambao 1992 hata mama zao walikuwa hawajaolewa. Wamelitoa wapi? Mezani nyumbani, na baba akitoka mezani hapo anakuja kusoma somo la kwanza.

Ninachodai si miujiza. Parokia za Likasi, Kolwezi na hapa zina vitabu vya ubatizo na vya ndoa tangu enzi. Majina ya waliofukuzwa yamo humo, pamoja na mitaa yao na wazazi wao wa ubatizo. Fungueni dawati moja, hata siku moja kwa wiki, mtu aje aseme nyumba ilikuwa wapi, nani alichukua, kwa karatasi gani, iandikwe na ipigwe muhuri. Anayekaa katika nyumba ya namna hiyo aitwe, bila kamera, aulizwe anaweza kutoa nini: nyumba, sehemu ya kodi, au hata barua yenye ukweli. Wengine watakataa, najua. Wengine ni wazee wanaoogopa kufa na jambo hilo, nimewasikia kwa masikio yangu. Baraza lipigiwe kura upya. Halafu ndiyo tuimbe. Kuku mtaniambia bei, nitachanga.

Hadi hapo, kitenge sinunui, na nimeshamwambia mke wangu, yeye amenunua, hiyo ni kesi nyingine.

Swali kwa wana uzi, hasa wa Likasi, Kolwezi, Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi: kuna parokia yoyote, au kanisa la Kimetodisti, au Wapentekoste, mnayoijua ambako mtu mmoja, mmoja tu, alirudishiwa kitu chake kwa sababu mchungaji au padri alisimama? Nataka mfano wa kuwapelekea kabla ya kikao kijacho. Nipeni mtaa na mwaka, majina ya watu msiweke hapa hadharani. Na anayekuja na "yaliyopita" aseme kwanza anakaa nyumba ya nani.