Siku 11 naambiwa "zima rauta uwashe" kumbe ni seva yao imefungia mtaa mzima mlango

Wadau, uzi ni mrefu mniwie radhi, lakini nimekasirika na leo nasema yote.

Mimi nauza sare za shule, duka letu liko tao upande wa River Road, orofa ya pili, na tumekuwa na saiti miaka kadhaa sasa, mzazi anaingia, anachagua shule, anaona sweta, shati, sketi, tai, anaweka saizi, analipa, sisi tunamtumia na matatu ama boda. Januari ndio mwezi wetu. Mwenye anauza sare anajua, ukikosa Januari umekosa mwaka. Na hii Januari ya 2026 ndio ile Gredi 10 wa kwanza kabisa wanaingia sekondari ya juu, wazazi wanatafuta sare za shule hata hawajawahi kuzisikia, simu inalia asubuhi mpaka jioni. Kwa kawaida msimu kama huu napata oda 30 hivi kwa siku kutoka kwa saiti peke yake. Jumatatu tarehe 5 zilikuja 11, Jumanne zikakuja 8, nikasema pengine watu bado hawajapata pesa baada ya Krismasi.

Halafu meseji zikaanza. "Mlifunga duka?" "Hii linki yenu imekufa." "Mama, nimejaribu tangu jana usiku haifunguki nikanunua kwingine." Hiyo ya mwisho iliniuma sana kwa sababu huyo mzazi amenunua kwangu watoto watatu mfululizo.

Nikafungua saiti kwa komputa ya duka. Kale kaduara kanazunguka tu, kanazunguka, dakika nzima inaisha, halafu inakuja ile kurasa nyeupe imeandikwa ERR_CONNECTION_TIMED_OUT. Nikafungua kwa simu yangu, ikafunguka sawa kabisa. Saiti zingine zote kwa hiyo hiyo komputa zinafunguka, benki inafunguka, YouTube inacheza, ni yangu tu imekataa.

Nikapigia watu wa hosting, wale wanatuwekea saiti kwa seva yao. Siwataji jina, lakini nawalipa kila mwaka na sijawahi kuchelewa hata siku moja. Kijana akaniambia, "Dada, zima rauta, hesabu mpaka thelathini, washa." Nikazima nikawasha, bado. Futa kache, nikafuta. Futa kuki, nikafuta, nikatolewa kwa akaunti zote za duka nikaanza kuingia upya moja moja na wateja wamesimama hapo kaunta. Badilisha brauza, nikabadilisha. Badilisha DNS (ile inageuza jina la saiti kuwa namba ya anwani yake) uweke 8.8.8.8, nikaweka, nikaweka na 1.1.1.1 pia, hakuna kitu. Nikafungua tiketi, nikajibiwa kesho yake ati ni "propagation ya DNS, subiri saa 48". Sasa propagation ya nini? Sijahamisha saiti, sijagusa jina, sijabadilisha rekodi yoyote, hiyo saa 48 inasubiri kitu gani kisambae? Lakini nilisubiri, kwa sababu mtu akikuambia na sauti ya mtaalamu unaamini, na hizo saa 48 ndizo zilikuwa wiki ya watoto kuripoti.

Tiketi ya tatu wakaniambia ni kebo ya baharini. Hapo ndio nilianza kujua hawa watu hawasomi chenye ninaandika. Mimi nakumbuka Mei 12, 2024 venye EASSy na SEACOM zilikatika, kila mtu Afrika Mashariki alijua, kila kitu kilikuwa polepole, mpaka WhatsApp ilikuwa inajikokota. Kebo ikikatika haichagui saiti moja ya sare iache zingine zote!

Chenye kilinifungua macho ni mteja. Ijumaa alikuja mama mmoja kutoka Donholm, amepanda matatu mpaka tao juu saiti imekataa nyumbani, akaingia kwa wifi ya duka (tumebandika paswadi ukutani) akanionyesha simu yake, "Ona, hivi ndio inafanya kwangu." Inazunguka. Msichana wetu wa dukani akamwambia, mama zima wifi uweke data. Akazima. Saiti ikafunguka hapo hapo, sweta ya kijani ya shule ya mtoto wake iko kwa skrini. Nikamuuliza nyumbani anatumia wifi ya kampuni gani, akataja ile ile yetu ya duka. Nikarudi kwa WhatsApp nikauliza wote 17 waliolalamika. 14 wako kwa kampuni hiyo.

Nikapigia hao wa wifi wakasema hawajafunga chochote. Na walikuwa wanasema ukweli, hilo nawapa.

Sasa mtoto wa dada yangu anasomea mambo ya netiwaki, akakuja Jumapili tukakaa na komputa. Naandika venye alifanya kwa sababu kuna mtu hapa atahitaji. Kwanza alifungua ile dirisha nyeusi akaandika nslookup na jina la saiti, kwa wifi na kwa hotspoti ya simu yake. Jibu lilikuwa moja, anwani ile ile. Kwa hivyo DNS haina shida, jina linapatikana, na hiyo hadithi ya propagation ikafia hapo. Akaangalia cheti cha HTTPS, hizi za Let's Encrypt ni za siku 90, yetu ilikuwa bado na siku nyingi, na akaniambia hata kingekuwa kimeisha brauza ingetoa onyo, haingekaa kuzunguka. Halafu akafanya tracert, inaonyesha njia yote mpaka kwa seva. Kwa hotspoti inaruka hatua kwa hatua mpaka inafika kwa seva, iko Ujerumani. Kwa wifi ya duka inatoka Nairobi sawa, inavuka bahari sawa, inafika huko huko Ujerumani, halafu nyota, yaani hakuna jibu. Nyota, nyota, nyota mpaka hatua ya 30. Akasema, "Auntie, hii haijapotea njiani. Imefika mlangoni ikakosa wa kuifungulia."

Akaingia ndani ya rauta akaniambia nisome anwani ya WAN, ile rauta imepewa na kampuni ya wifi. Inaanza na 100, halafu sabini na kitu. Halafu akafungua moja ya zile saiti za kukuonyesha IP yako (anwani yenye seva za nje zinaiona), ikaleta namba nyingine kabisa. Hapo ndio nilielewa. Anwani za IPv4 ziko kama bilioni 4.3 dunia nzima, na zile za akiba ya dunia ziliisha 2011, kwa hivyo kampuni nyingi za wifi hazikupi anwani yako mwenyewe, zinaweka nyumba nyingi nyuma ya anwani moja ya nje. Inaitwa CGNAT, na zile namba za kutoka 100.64 mpaka 100.127 zilitengwa 2012 kwa hiyo kazi. Maanake duka langu, yule mama wa Donholm, na watu wengine wengi siwajui, seva inatuona kama mtu mmoja.

Nikaandika tiketi ya nne, mstari mmoja: angalieni kama IP hii iko kwa orodha ya zile zimefungwa na fayawoli yenu. Nikaweka ile namba ya nje. Fayawoli ndio askari wa mlango wa seva.

Saa 19 baadaye akanipigia fundi wao mwingine, mtu mpole, akafungua logi, ile rekodi ya seva, akanisomea. Ilifungwa tarehe 4 usiku. Mtu nyuma ya hiyo IP alikosea paswadi ya imeli mara 5. Nikamuuliza imeli ya nani? Akanyamaza kidogo, akasema si ya saiti yako, ni ya mteja mwingine mwenye yuko kwa hiyo seva. Yaani mtu fulani, pengine simu yake imekaa na paswadi ya zamani inajaribu yenyewe mfukoni, fayawoli ikafunga anwani, na kwa kufunga anwani ikafungia nyumba zote ziko nyuma yake zisifikie saiti yoyote iko kwa hiyo seva. Akaiondoa nikiwa bado kwa simu, haikuchukua hata dakika. Jioni hiyo zikaingia oda 26.

DAKIKA MOJA. Na ilikuwa imeandikwa kwa logi yao tangu tarehe 4. Kila tiketi nilisema wazi kwamba kwa simu inafunguka na kwa wifi haifunguki, hiyo sentensi peke yake inatosha mtu wa seva afungue orodha aangalie, na hakuna aliyefungua. Walinipeleka kwa rauta yangu, kwa brauza yangu, kwa bahari.

Na kwa nini fayawoli inameza tu pakiti bila kujibu? Ingekataa wazi, brauza ingesema mara moja muunganisho umekataliwa na tungejua siku ya kwanza kuna mlango umefungwa. Wateja wangu walikaa wakiangalia kaduara wakadhani ni mimi nimefilisika. Tena kufunga milele kwa makosa 5, kwa nchi yenye watu wengi wako nyuma ya anwani moja, si ulinzi huo. Fungia hiyo akaunti ya imeli. Ama funga hiyo anwani kwa mlango wa imeli peke yake, kwa dakika 15, uache 443, mlango wa saiti yenyewe, wazi watu wanunue sweta.

Niliwaandikia hayo yote. Wakanijibu tiketi imefungwa kwa sababu shida imetatuliwa.

NAONGEZA, Jumamosi saa nne usiku: saiti imefungiwa watu tena. Mama wa Kayole amenitumia picha ya skrini, ile kurasa nyeupe. Nimepiga, inalia tu, wikendi hawashiki. Nimeshashusha bakapu yote, faili na databesi, na Jumatatu nahama. Mwenye yuko kwa hosting ambayo anaweza kuona orodha ya IP zilizofungwa yeye mwenyewe na kuziondoa bila kuomba mtu, aniandikie hapa chini, aweke na bei ya mwaka na saa ngapi walichukua kujibu tiketi yake ya mwisho.