Tupeane uzoefu: Kusimamia unachokiamini pale koo linapokauka

Mleta mada
Wanajamvi, salaam. Uzi huu ni wa wanaolijua jambo hili kwa kulifanyia kazi: manesi, mafundi, wanasheria, marubani, walimu. Tusisimuliane nani alikuwa shujaa. Leteni yanayosaidia: mtu ajiandae vipi, aseme nini, wapi huharibika na kwa nini.

Naanza mwenyewe. Tumezoea kusema aliyenyamaza kaogopa. Ni kweli, lakini kaogopa nini? Wapo walio tayari kupoteza kazi ila hawako tayari kuonekana wajinga mbele ya wenzao kumi. Kuogopa kuumia ni jambo moja, kuogopa kuaibika ni jambo jingine, na dawa zake si moja. Heshima ndiyo inayompa mtu uti wa mgongo, na heshima hiyohiyo ndiyo inayomziba mdomo. Mnalitenganisha vipi?

Kalamu Nyeusi
Mada nzito hii. Mfano ulio wazi kuliko yote kwangu ni Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani. Mwaka 1801 mwanawe Philip aliuawa katika pambano la bastola la kulinda heshima. Miaka mitatu baadaye baba naye akaitwa kwenye pambano kama hilo na mwanasiasa mwenzake, Aaron Burr. Kabla ya kwenda aliacha maandishi akieleza kwamba dini yake na dhamiri yake vinapinga mapambano ya namna hiyo, na kwamba ana mke, watoto na madeni. Akaenda. Alipigwa risasi tarehe 11 Julai 1804, akafa kesho yake. Sababu aliyoitoa ni kwamba akikataa, watu hawatamsikiliza tena katika mambo ya umma.

Tazama hapo. Kwa macho ya watu yule ni jasiri, kasimama mbele ya bastola. Lakini msimamo wake ulikuwa kutokwenda, na huo hakuweza kuusimamia. Hofu ya aibu ilivaa nguo za ushujaa.

Kwa hiyo kipimo ninachowapa watu ni swali moja, waliandike na kulijibu kwa maandishi: kama hakuna hata mtu mmoja atakayejua nilichofanya, bado ningefanya hivi? Jibu likiwa hapana, unacholinda ni jina lako. Si dhambi kulinda jina, ila usiliite kanuni.

Binti Makini
Naongeza kwenye hoja ya aibu, maana imepimwa. Mwaka 1951 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwakalisha watu chumbani, akawaonyesha mstari mmoja, kisha mistari mitatu, wataje upi unalingana na wa kwanza. Jibu linaonekana bila shida. Ila wote chumbani walikuwa wamepangwa isipokuwa mmoja, nao walikuwa wakitoa jibu la uongo kwa pamoja. Takriban robo tatu ya waliojaribiwa walifuata uongo angalau mara moja. Hakukuwa na fimbo wala mshahara wa kukatwa. Ilikuwa ni kuona haya tu.

Sasa sehemu ya kufanyia kazi. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli pamoja na mjaribiwa, makosa yalishuka hadi karibu robo ya yale ya mwanzo. Mmoja tu! Lakini huyo mwenza alipogeuka katikati na kujiunga na wengi, makosa yalipanda tena. Na watu walipoandika jibu badala ya kulitamka, walifuata uongo kwa kiasi kidogo zaidi.

Yanayotokana na hayo kwa mtu mwenye kikao kesho:

Tafuta mtu mmoja. Watano ni wengi, mmoja atavuja. Usimwulize "uko pamoja nami?" maana koridoni kila mtu yuko pamoja nawe. Mpe kazi ndogo yenye maneno yake: "Nikimaliza kusema, wewe sema tu, hata mimi nimeliona hilo. Basi." Mtu aliyepewa sentensi ya maneno machache huitamka. Aliyeombwa "uniunge mkono" hutazama meza.

Kisha panga usitegemee huyo peke yake. Akigeuka mbele ya watu, pigo lake ni kubwa kuliko kama usingekuwa na mtu kabisa. Uwe na sentensi ya kusimama bila yeye.

Na kama mnaongoza vikao, waandikisheni watu maoni yao kwenye karatasi kabla ya mkubwa kufungua mdomo. Mkubwa akishasema, mnachopata baadaye ni mwangwi wake.

Nesi wa Zamu
Mimi naleta upande wa mwili, kwa sababu watu hushindwa hapo kabla hata ya hoja. Hofu ikipanda, mishipa midogo ya ngozi hujibana, mikono inakuwa ya baridi na kutetemeka. Mate yanapungua. Misuli ya shingo na koo inakaza, sauti inapanda juu na kukatika. Mwenye mwili huo anajisikia, anajiambia "naonekana mwoga", na aibu ya kuonekana mwoga inamnyamazisha kuliko ile hofu yenyewe.

Karatasi yako iweke mezani, usiishike mkononi. Karatasi ndiyo inayomsaliti mtu, inapiga kelele kama jani la mgomba. Weka kiganja juu yake. Kunywa maji mafunda mawili kabla, si wakati unaongea. Vuta pumzi kwa kuhesabu nne, itoe kwa kuhesabu sita, mara tano au sita. Ile ya kutoka ndiyo inayopunguza mapigo, kwa hiyo usiikatishe. Sentensi ya kwanza iwe fupi, isiyozidi maneno kumi, na uwe umeikariri, kwa sababu ndiyo itakayotoka ukiwa hujitambui vizuri. Ya pili itakuja yenyewe.

Kutetemeka si ushahidi wa kitu chochote. Mwili hauwezi kutofautisha chui na mwenyekiti wa kikao.

Rubani wa Kale
Kwenye usafiri wa anga tulilipia somo hili kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Hispania, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa. Ndani ya ile iliyoanza kukimbia, mhandisi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Nahodha, mtu wa kuheshimika sana na mkufunzi wa wenzake, akajibu kwa mkazo kwamba imetoka. Mhandisi hakurudia.

Aliona, akauliza, swali likazimwa. Tatizo halikuwa kukosa macho. Baada ya ajali kama hizo wakaanza kufundisha ngazi za kupinga, na leo hata kwenye vyumba vya upasuaji zinatumika. Ngazi ni nne, na kila moja ina lugha yake:

Kwanza unauliza. "Mkuu, hiyo njia imeshakuwa wazi?" Hapa unamwachia nafasi ya kujirekebisha bila kuaibika.

Akipuuza, unatahadharisha na kutaja madhara. "Mkuu, sijasikia wakithibitisha kutoka. Tukikimbia sasa tunaweza kugonga."

Akipuuza tena, unapinga waziwazi na kutoa njia mbadala. "Sikubaliani. Tusimame, tuulize mnara."

Ya nne ni kitendo. Unavuta mikono ya injini nyuma, au unaweka kisu mezani, au unatoa mkono wako kwenye saini.

Kosa kubwa ni kukwama ngazi ya kwanza, mtu anauliza mara tatu kwa sauti ileile ya unyenyekevu halafu anajihesabu amesema. Kosa la pili ni kuruka hadi ya nne jambo likiwa dogo. Siku likiwa kubwa hakuna atakayekusikiliza. Ukiwa na dakika, panda polepole. Ukiwa na sekunde, ruka.

Na heshima ya kweli kwa mkubwa ni ile ngazi ya kwanza na ya pili. Unamheshimu kwa kumpa mlango wa kutokea. Wahenga walisema heshima si utumwa.

Fundi Mitambo
Rubani umesema vizuri ila kuna mtego mmoja hukuutaja: kugeuziwa mzigo wa uthibitisho. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa roketi za Challenger, chombo cha anga za juu cha Marekani, walipendekeza chombo kisirushwe, baridi ilikuwa kali na pete za mpira zinazoziba maungio zingekakamaa. Mmoja wao, Roger Boisjoly, alikuwa ameshaandika waraka wa onyo tangu Julai 1985. Siku zote desturi ilikuwa kuthibitisha kwamba ni salama ndipo urushe. Usiku ule wakatakiwa wathibitishe kwamba si salama. Hawakuwa na takwimu za kutosha kwa baridi ile, mameneja wao wakageuza pendekezo. Kesho yake chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, watu saba wakafa.

Ukisikia "tuonyeshe ushahidi kwamba kuna ubaya", usikimbilie kutafuta takwimu ambazo huna. Jibu: "Sina ushahidi kwamba ni salama, na bila huo siwezi kuidhinisha. Naomba iandikwe hivyo." Kisha nyamaza. Watu waaminifu huharibu hapa, kwa sababu kutojua kunawatia aibu, wanaanza kubabaika na kulegeza.

Mzee wa Busara
Vijana, na mimi niseme. Kuna methali isemayo kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Msiwafundishe watu kufa. Mwanasayansi Galileo mwaka 1633 aliikana kauli yake kwamba dunia hulizunguka jua mbele ya mahakama ya kanisa. Akafungiwa nyumbani hadi alipofariki mwaka 1642, lakini humohumo akaandika kazi yake ya mwendo wa vitu, ikachapishwa Leiden mwaka 1638. Angeshupaa tungeikosa.

Kalamu Nyeusi
Shikamoo mzee. Nakubali nusu. Kurudi nyuma kunaruhusiwa, ila kuwe kwa mpango. Tofauti ya kurudi nyuma na kufyata mkia ni kama ulijua mapema utarudi hadi wapi. Andika mambo mawili au matatu tu ambayo hutayafanya hata iweje. Yasizidi hapo, mwenye kanuni ishirini hulazimika kuvunja mojawapo kila wiki, na mwisho anazoea kuvunja. Yaandike kwa vitendo, usiandike "nitakuwa mwaminifu", andika "sitaweka saini kwenye hesabu ambayo sijaiona". Mengine yote yawe ya kujadiliwa.

Mwanasheria Kimya
Maandalizi ambayo hayana sifa ila ndiyo yanayoshika:

Akiba. Hofu ya njaa si woga, ni hesabu. Matumizi ya lazima ya miezi mitatu hadi sita yakiwa pembeni, sentensi ya "siwezi kufanya hilo" inatoka kwa sauti nyingine kabisa. Kama huna hata ya mwezi mmoja, jenga hiyo kwanza kabla hujaenda kutikisa mlango, labda uhai wa mtu uwe hatarini leo.

Kumbukumbu. Siku hiyohiyo, kabla ya kulala: tarehe, saa, nani walikuwepo, maneno yaliyosemwa kadiri yalivyosemwa, ulichojibu. Usiandike tafsiri yako ya nia za watu. "Alisema tusiwaambie wakaguzi" ni kumbukumbu, "alitaka kuiba" ni tuhuma na inaweza kukurudi. Usichukue nyaraka za ofisi kwenda nazo nyumbani bila kupata ushauri wa kisheria. Kesi njema huharibika hapo, mtoa taarifa anageuka mwizi wa siri.

Tishio. Usitamke "nitajiuzulu" kama barua haijaandikwa. Likishajulikana ni maneno tu, umemaliza risasi zako zote.

Na usichanganye kanuni na kinyongo. Ukipinga hesabu za uongo katika kikao kilekile unacholalamikia kupandishwa cheo kwa mwingine, utakachokumbukwa nacho ni cheo.

Mwalimu wa Mazoezi
Kimoja tu kimebaki: ujasiri hufanyiwa mazoezi. Wanafunzi waliopinga ubaguzi kwa kukaa kwenye migahawa ya wazungu tu kule Nashville, Marekani, mwaka 1960 hawakuingia hivihivi. James Lawson aliwafundisha kwa miezi. Wenzao walijifanya maadui, wakawatukana, wakawasukuma kwenye viti, nao wakajizoeza kukaa bila kujibu. Hata Rosa Parks, mwanamke mweusi wa Marekani, kabla ya kukataa kuinuka kumpisha mzungu kwenye basi tarehe 1 Desemba 1955, alikuwa katibu wa tawi la chama cha kutetea haki za watu weusi kwa miaka mingi, na kiangazi kile alikuwa ametoka kwenye mafunzo.

Fanyeni hivi: mwenzako akae upande wa mkubwa, akuambie maneno mabaya zaidi unayoyaogopa, hasa yale ya kukuaibisha. "Wewe nani?" "Wenzako wote wameelewa ila wewe tu." Rudia sentensi yako bila kuongeza neno. Mara kumi. Mara tatu za mwanzo utajitetea sana, ni kawaida. Ikifika ya saba hivi, lile tusi linakuwa kelele tu.

Msomaji Mgeni
Asanteni. Swali langu: na aliyeshanyamaza jana? Kikao kimepita, uamuzi umepita.

Nesi wa Zamu
Dada au kaka, rudi mapema, kesho au keshokutwa, kabla jambo halijatekelezwa. Nenda kwa mwenye uamuzi peke yake, si mbele ya watu. Mbele ya watu atalazimika kulinda uso wake na wewe wako. Usianze na maelezo ya kwa nini ulinyamaza, yanachukua nafasi na yanageuza mazungumzo yawe juu yako. Sema: "Jana sikusema jambo nililopaswa kusema. Naomba dakika tano." Litaje jambo, taja madhara, taja unachoomba kibadilike. Jioni mwandikie kwa kifupi mliyozungumza, mistari mitatu minne, umshukuru kwa muda wake, na nakala ibaki kwako.

Na kama limeshatekelezwa, nenda hivyohivyo. Kuna mwingine atakayefuata kwenye meza ileile.