Naomba ushauri: binti kazaliwa Uingereza, uraia hana

Habari zenu wakuu, hasa mlio huku Uingereza. Binti yetu kazaliwa Leicester, sisi wazazi ni Watanzania wa viza ya muda hadi leo. (Kupata uraia kwa kuzaliwa tu kuliisha 1983, ndugu nyumbani hawaamini.) Mwezi ujao anatimiza miaka 10, anaruhusiwa kuombewa usajili mradi kila mwaka hakukaa nje zaidi ya siku 90. Shida: akiwa na miaka 3 alikaa Tanga kwa bibi yake siku 118, mimi nimelazwa. Mihuri ipo kwenye pasi. Nimekusanya barua za chekechea na za hospitali. Wakili niliyempigia alidai hela kabla ya salamu.

Aliyewahi kukubaliwa na siku zilizozidi, aliambatanisha nini? Na pasi ya Tanzania ataendelea nayo hadi miaka 18?