Kwa nini Wanorwei wanamwita kiboko "flodhest"?

Dereva_Njiro: Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa shikamooni. Naendesha watalii hapa Arusha. Juzi nilikuwa na familia ya Wanorwei, tumeegesha pale Ngoitokitok, ndani ya kreta ya Ngorongoro, viboko wamejazana bwawani, migongo tu ndiyo inaonekana. Mtoto akapiga kelele: "Flodhest!" Baba yake akaniambia hest ni farasi. Haya. Ila kwenye kijitabu changu mto ni elv. Hiyo flod imetokea wapi? Na farasi gani mwenye tumbo lile?

Kijana_wa_Sakina: Farasi wa bia huyo 😂

Nesi_Mstaafu_Moshi: Marahaba mwanangu. Nilifanya kazi Haydom, hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Kinorwei, Kinorwei kikaniingia hukohuko wodini. Farasi hawakumbuni wao. Ni Wagiriki wa kale: hippos farasi, potamos mto. Wazungu wengi wakalitafsiri vilevile, Wajerumani wanasema Flusspferd. Flod ndilo neno la kawaida la mto kwa Wadenmaki, na Norwei ilikuwa chini ya Denmark hadi 1814, wakiandika Kidenmaki. Mnorwei leo flod anaiwekea mito mikubwa ya ugenini, kama Nile. Glomma, mto wao mrefu kuliko yote, bado ni elv tu. Kiboko naye ni wa ugenini, basi kabaki na flod yake.

Halafu shika hili, litakusaidia kazini: sisi husema punda milia, mnyama anatangulia. Wao mnyama anakaa mwisho.

Kijana_wa_Sakina: Kwa hiyo neshorn ni pembe, si mnyama? Kifaru mama!

Nesi_Mstaafu_Moshi: Nes hapo ni nese, yaani pua, horn ni pembe. Hilo nalo la Wagiriki, mjukuu wangu, usinitafutie ugomvi.

Dereva_Njiro: Asante sana mama. Na kobe? Walisema skil-nini sijui.

Nesi_Mstaafu_Moshi: Skilpadde. Hilo ndilo nilipenda kuliko yote. Padde ni chura, yule wa ngozi ya vinundu. Skil ni ngao, lakini Mnorwei wa leo ngao anaita skjold, kwa hiyo hata mwenyewe haisikii ngao mle ndani. Neno lilikuja na wafanyabiashara wa Kijerumani wa kaskazini, waliokuwa wamejaa Bergen enzi hizo. Chura mwenye ngao.

Dereva_Njiro: Kesho nina Wanorwei wengine, Tarangire. Nipe na ngiri kabisa.

Nesi_Mstaafu_Moshi: Vortesvin. Vorte ni chunjua, svin ni nguruwe. Hapo hawakumung'unya maneno.