Mstari wa asubuhi unaniishia kabla ya saa nne

Kitindamimba:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Nina swali nililolibeba muda mrefu. Naomba mnisome hadi mwisho ndipo mnijibu.

Mimi ndiye wa mwisho kuzaliwa kwetu na ndiye ninayeishi na mama. Ana ugonjwa wa kusahau, huu mwaka wa nne. Kila siku naamka saa kumi na moja alfajiri yeye akiwa bado amelala, nasoma sura moja, nachagua mstari mmoja na kuuandika kwenye daftari. Sasa niko kwenye daftari la tano.

Shida yangu ni kwamba mstari wenyewe haufiki saa nne. Jumatatu iliyopita niliandika Yakobo 1:19, “kila mtu na awe mwepesi wa kusikia, bali si mwepesi wa kusema, wala kukasirika.” Nikausoma kwa sauti mara tatu. Mama alipoamka nikamwogesha, nikamvisha, nikamkalisha karibu na dirisha. Akaniuliza, “Baba yako amesharudi?”

Baba alifariki miaka tisa iliyopita.

Nikageuza mazungumzo. Hazikupita dakika mbili akauliza tena. Siku hiyo sijui kwa nini nilianza kuhesabu. Ilipofika mara ya kumi na saba nilikuwa nakunja mashuka. Niliyatupa sakafuni nikamfokea, “Baba alikufa! Nikuambie mara ngapi?”

Mama alilia kama alivyolia siku ya mazishi. Kwake ilikuwa habari mpya. Alikuwa akiuliza kwa nini watu wote walijua na yeye hakuambiwa. Baada ya robo saa kila kitu kilikuwa kimeshafutika, mashavu yakiwa bado na unyevu, akaniuliza kama baba amesharudi. Nikapiga magoti kumwomba radhi. Akanishika kichwa, “Kwani umefanya nini, mwanangu?”

Ningefarijika kama angenikasirikia. Yeye ameshasahau, mimi nimebaki nalo peke yangu.

Kesho yake alfajiri nikakutana na Waefeso 4:25, “uvueni uongo, mkaseme kweli kila mtu na jirani yake.” Nikaifunga Biblia palepale. Maana ziko siku ninazomjibu, “Bado mama, atarudi jioni,” naye anatulia, hata anatabasamu. Huo si uongo? Nikisema kweli namfisha baba upya mbele yake. Nikisema uongo napata dakika mbili za utulivu, kisha dhamiri inanila hadi usiku.

Kwa hiyo nauliza mambo mawili. Ninyi mnafanyaje neno la asubuhi likae hadi mchana? Na mama nimjibu nini? Tafadhali msinipe Kutoka 20:12 kuhusu kuwaheshimu baba na mama. Nilishapewa, na naujua kwa moyo. Huo ndio unaoniumiza kuliko mingine yote.

---

Mshumaa:

Pole sana dada. Nadhani hasira ni vita vya kiroho, na muda wako na Mungu ni mfupi. Jaribu kuamka saa kumi badala ya saa kumi na moja, ufunge siku tatu, na Mithali 15:1 uibandike ukutani: “Jawabu la upole hugeuza hasira.” Mimi nilikuwa mkali sana kazini na kufunga kulinisaidia. Nakuombea.

---

Muuguzi wa zamu ya usiku:

Mshumaa, najua umeandika kwa upendo, lakini saa kumi hapana. Huyu dada hahitaji kupunguziwa usingizi.

Kitindamimba, nenda 1 Wafalme 19 usome taratibu. Nabii Eliya amechoka kiasi cha kujilaza chini ya mti wa mretemu na kuomba afe. Mungu hakumtumia mahubiri wala hakumkemea. Malaika alimgusa akamwambia, “Inuka, ule.” Akala, akanywa, akalala tena! Aliguswa mara ya pili, akaambiwa ale kwa maana safari ilikuwa kubwa mno kwake. Ile sauti ndogo ya utulivu tunayoipenda sana ilikuja baadaye, kwenye mlima Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Chakula na usingizi vilitangulia. Mimi hurudi kwenye sura hiyo kila ninapotoka zamu nikiwa sina hata neno la kumwambia Mungu.

Sasa nijibu wewe: unalala kwa muda wa saa ngapi? Nani anakupokea? Umesema wewe ni wa mwisho kuzaliwa, ina maana wapo waliokutangulia. Wanajua kuhusu yale mashuka?

Na nikuambie jambo nililoliona miaka mingi kando ya vitanda vya wagonjwa wa aina hii. Tukio hulisahau, lakini hisia hubaki nao. Ukimfokea, anaweza kushinda na wasiwasi asioujua chanzo chake. Vivyo hivyo ukimshika mkono kwa upole, utulivu ule unakaa hata akiwa amesahau ni nani aliyemshika. Kwa hiyo usidhani radhi uliyomwomba ilipotea. Kichwa chako kilikuwa mikononi mwake.

---

Babu wa kona:

Binti yangu, nimesoma ujumbe wako mara mbili. Mke wangu alikuwa na ugonjwa huohuo. Miaka sita. Yeye hakuwa akimwulizia mtu aliyekufa, alikuwa akiniulizia mimi, nikiwa nimekaa mbele yake. “Mume wangu yuko wapi?” Nikimwambia ni mimi hapa, ananiogopa.

Mimi pia Waefeso 4:25 ilinitesa, hadi nilipogundua kosa langu lilikuwa kuishia palepale. Hizi namba za mistari Paulo hakuziandika. Katika Agano Jipya ziliwekwa mwaka 1551 na mchapaji aliyeitwa Robert Estienne, zitusaidie kutafuta mahali. Zinasaidia kweli, ila zimetuzoesha kumega neno kipande, tukaondoka nacho kama ndiyo barua nzima. Shuka mistari minne tu, ufike 4:29. Anasema neno litokalo vinywani mwetu liwe “lililo jema la kumfaa mwenye kuhitaji, ili liwape neema wanaosikia.” La kumfaa mwenye kuhitaji. Kumbe kweli ninayotakiwa kuisema nayo inamtazama anayeisikia, ana hitaji gani saa ile.

Halafu soma Yohana 11. Martha anamwendea Yesu na kusema, “Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa.” Mistari michache baadaye Mariamu anakuja na maneno yaleyale. Lakini tazama majibu. Martha anajibiwa kwa fundisho, na ni fundisho kubwa: “Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima.” Mariamu, aliyeanguka miguuni akilia, hafundishwi kitu. Yesu anauliza, “Mmemweka wapi?” kisha analia machozi. Maneno ya wale dada yalikuwa yaleyale, ila Bwana alisikia kilichokuwa chini ya kila mmoja. Na hakuna hata mmoja aliyeambiwa uongo.

Baada ya kuiona hiyo, niliacha kulijibu swali la mke wangu, nikaanza kumjibu yeye. Akiuliza mume wake yuko wapi, nasema, “Unamkumbuka, eh? Hebu niambie, ni mtu wa namna gani?” Basi ataanza kunisimulia. Nilisikia habari zangu nyingi ambazo hakuwahi kuniambia tulipokuwa vijana, nyingine nzuri kuliko ninavyostahili. Kuna siku alinieleza jinsi nilivyombeba mtoto wetu usiku kucha alipokuwa na homa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau hilo.

Mama yako akikuuliza kuhusu baba, huenda hatafuti taarifa. Amemkosa mtu wake. Jaribu kumwambia, “Umemkumbuka baba, mama. Hata mimi nimemkumbuka.” Hiyo ni kweli tupu, au siyo?

Kuhusu neno kukaa: mimi niliacha kuchagua mstari mpya kila siku. Mmoja ulinitosha wiki nzima, wakati mwingine mwezi. Na sikuuweka kwenye daftari, niliuweka mdomoni. Zaburi 1:2 inamtaja mtu anayeitafakari sheria mchana na usiku, na neno la Kiebrania lililo nyuma ya “kutafakari” lina maana ya kunong'ona, kutoa sauti ya chini. Ndilo lililotumika kwa ngurumo ya simba katika Isaya 31:4. Basi mimi nikawa mtu wa kunong'ona. Nikifungua mlango wa chumba chake nanong'ona kabla sijaingia. Ilikuwa ni lazima liwe fupi, maana pale mlangoni hakuna muda wa aya ndefu.

---

Mshumaa:

Babu, Muuguzi, asanteni. Nimejifunza. Dada, nisamehe kwa kukuongezea mzigo.

Nimekaa na lile lako la kubaki na kosa peke yako, nikakumbuka Luka 17:4. Yesu anasema ndugu akikukosa mara saba katika siku moja, na kurudi kwako mara saba akisema ametubu, umsamehe. Siku zote nilijiweka upande wa yule anayesamehe. Leo nimejiuliza, ikiwa anatuagiza sisi tufanye hivyo, Yeye mwenyewe atamfanyia nini anayerudi kwake mara saba kwa siku? Na mstari wa 5, mitume hawakumwambia watajitahidi. Walisema, “Tuongezee imani.” Nadhani nawe unaweza kulisema hilo ukiwa umesimama katikati ya mashuka, hata kama ni mara ya saba.

---

Kitindamimba:

Nimewasoma wote nikalia, nikanyamaza siku nne kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza.

Muuguzi, nalala kwa muda wa saa nne au tano, na si mfululizo. Ndugu zangu hawakuwa wanajua. Nilikuwa nawaambia “tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu,” na sasa naona huo ndio uongo wa Waefeso 4:25 niliopaswa kuuvua, si ule wa dirishani. Juzi nimempigia dada yangu mkubwa nikamweleza yote, mpaka kufoka. Alikaa kimya sana kwenye simu. Halafu akasema atakuja Jumamosi na nitalala.

Babu, shikamoo. Nilimwambia mama vilevile, “Umemkumbuka baba, hata mimi nimemkumbuka.” Alinitazama kwa muda akasema, “Alikuwa anachelewa, lakini anarudi na kitu mkononi.” Hilo nilikuwa silijui, mimi nilizaliwa amekwisha kuacha kazi ya safari. Aliuliza tena baada ya dakika mbili, sawasawa na zamani. Jana nilichoka nikatoka nje nikasimama ukutani hadi moyo ukatulia. Sikufoka. Leo nimepandisha sauti mara moja.

Jambo lingine. Nilikuwa natafuta mstari mfupi wa mlangoni, nikafungua madaftari ya zamani. Katika la pili nikakuta Isaya 49:15, mwandiko wangu mwenyewe, tarehe ya wakati mama bado ananiita kwa jina. “Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye?” Nilikuwa nimepigia mstari swali hilo tu, kwa kalamu nyekundu, pengine nikidhani jibu ni hapana. Sikuwa nimeona kinachofuata: “Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe.” Hawa waweza kusahau. Limeandikwa waziwazi, na mimi nililinakili kwa mkono wangu bila kulisoma. Siku hizi mama ananiita kwa jina la marehemu dada yake.

Nimechukua maneno matatu tu: “mimi sitakusahau wewe.” Nayanong'ona nikishika kitasa, na sijui kama ni Mungu ananiambia mimi, au mimi namwambia mama. Babu, ulipokuwa unanong'ona mlangoni kwa mkeo, uliwahi kujua?

Ameamka, ananiita. Nitarudi kusoma.