Bugarika, Mwanza: wiki ya saba faiba inakata, na kila nikipiga simu naambiwa nizime ruta niwashe

Wakuu, uzi huu nauandika kwa bando la simu, na hilo peke yake linanitia hasira. Nyuma ya kaunta yangu kuna boksi la faiba ninalolilipia shilingi 70,000 kila mwezi, na saa hii linawaka taa nyekundu.

Nina steshenari hapa Bugarika. Naprinti, naskani, naombea watu ajira na mikopo mtandaoni, natoa namba za malipo ya Serikali. Mtandao ukikata sina kazi. Sijaja kulalamikia spidi, spidi ikiwepo inanitosha. Nalalamika kwamba unakata mara kumi, mara kumi na tano kwa siku. Dakika mbili, dakika saba, siku nyingine nusu saa nzima, unarudi, unakata tena. Kampuni sitaitaja kwa sababu nataka tujadili tatizo, sitaki uzi ugeuke ushabiki wa nani ana mtandao bora.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa Sengerema na binti yake. Walivuka daraja la Kigongo-Busisi asubuhi kuja kumwona mgonjwa Bugando, wakaona wamalize na maombi ya mkopo wa chuo kabla ya kurudi. Tumejaza kurasa zote. Tumeskani cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita. Napakia faili la mwisho, taa ikawa nyekundu, ukurasa ukatutoa nje. Tukaanza upya, ukatutoa tena. Mama akaniambia, "Mwanangu, kama haiwezekani tuambie tutafute pengine, gari halitatusubiri." Hakusema kwa ubaya. Nilimalizia kwa bando langu, sikuwatoza hata mia, na walipoondoka nilikaa pale kwenye kiti nikashindwa kumhudumia mtu aliyefuata.

Sasa huduma kwa wateja. Simu ya kwanza: zima ruta, subiri dakika tano, washa. Simu ya pili: zima, washa. Ya tatu wakaniletea fundi, akabadilisha ruta, akaondoka, ikakata kabla hajafika barabarani. Fundi wa pili akachomoa waya, akafuta ncha kwa kitambaa, akaurudisha. Jioni ile nikapokea ujumbe: "Ndugu mteja, tatizo lako limetatuliwa." Tatizo lilikuwa linaendelea huku nausoma. Fundi wa tatu hakuja kabisa, wakaandika kwamba walinipigia sikupatikana. Namba yangu imebandikwa kwenye bango la duka na haijazimwa tangu mwaka huu uanze.

Simu ya nne ndiyo iliyonichemsha damu. Dada aliyepokea akaniambia ni kebo ya baharini. Wakuu, kebo za baharini huwa zinakatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 zilikatika EASSy na Seacom kwa pamoja, nchi nzima ikaona. Lakini kebo ya baharini haiwezi kuwasha taa ya LOS, ile nyekundu ya kupotea kwa mwanga, kwenye boksi la mtu wa Bugarika! Taa hiyo inaangalia kitu kimoja tu: kama mwanga unaotoka kituo cha kampuni unafika kwenye boksi lako. Bahari yote ya Hindi ikauke, kama waya wa kutoka kituoni hadi kwangu ni mzima, LOS haiwaki. Mtu anayelipwa kupokea simu hizi anapaswa kulijua hilo siku ya kwanza ya kazi.

Nikaamua nitafute mwenyewe. Naeleza kwa kirefu kwa sababu najua wapo wengi humu wanaozungushwa kama mimi.

Kwanza nilishuku waifai, maana chumba changu kina ukuta wa mawe upande mmoja. Nikachomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye ruta. Ikakata vilevile. Nikafungua madirisha mawili ya amri, moja linatuma pingi (ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?") kwa ruta yenyewe, 192.168.1.1, la pili kwa 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Ukikata, dirisha la kwanza linaendelea kujibu bila kukosa hata pingi moja, la pili linanyamaza. Maana yake ndani kwangu hakuna tatizo. Nikaazima adapta kwa jirani, volti 12, ampea zilezile, kwa sababu adapta iliyochoka nayo huifanya ruta ijizime na kujiwasha. Hakuna kilichobadilika.

Nikachukua kaunta buku, nikaanza kuandika kila inapokata na kila inaporudi. Siku kumi na moja. Asubuhi karibu hakuna kitu. Inaanza saa saba mchana, inazidi saa tisa na saa kumi, jua likizama inatulia. Usiku hulala vizuri, ila siku za mvua na upepo. Nilikaa na kurasa hizo mbele yangu siku mbili nzima bila kuelewa, mpaka mchana mmoja upepo wa ziwani ukafunga mlango wa duka kwa kishindo, na taa ikawa nyekundu palepale. Kila mtu wa Mwanza anaujua huo upepo. Nchi kavu ikipata joto, mchana unavuma kutoka ziwani kuja juu mlimani, na jioni unakufa. Kaunta buku langu lilikuwa linaniandikia saa za upepo.

Kumbe kuna namba. Ukiingia kwenye ukurasa wa ruta, sehemu ya PON, yaani ya upande wa faiba, unaona nguvu ya mwanga unaopokelewa, kwa kipimo cha dBm. Ni namba hasi, na kadiri inavyokuwa hasi zaidi ndivyo mwanga ulivyo hafifu. Fundi aliyenifungia mwanzoni, Mungu ambariki, aliiandika kwa kalamu ukutani kando ya boksi: −21.8. Nilipoangalia saa tisa mchana nikakuta −28.1, na inacheza, −27.5, −29, kisha kimya, nyekundu. Boksi la GPON (aina ya mtandao wa faiba wa majumbani) la daraja B+ limetengenezwa kusoma mwanga mpaka −27. Chini ya hapo linabahatisha. Na kila desibeli 3 zikipotea, nusu ya mwanga imekwenda. Mimi zimepotea 6 na ushee. Imebaki chini ya robo.

Wasije wakasema ni umbali. Kilomita nzima ya faiba haipotezi hata nusu desibeli. Kupoteza 6 kwa umbali wangelazimika kuniongezea zaidi ya kilomita 12 za waya usiku nikiwa nimelala. Na kinyozi wa jirani, tuko nguzo moja na kigawanyio kimoja, kile kifaa kinachogawa mwanga kwa wateja, yeye anasoma −22 na hajawahi kukatiwa. Kwa hiyo kituo ni kizima, kebo kubwa ni nzima, kigawanyio ni kizima. Ubovu uko kwenye waya mmoja tu, unaotoka nguzo ile kuja ukutani kwangu.

Jumapili nikaufuata. Anayeijua Bugarika anajua nyumba zetu zilivyokaa juu ya mawe, na kusimamisha nguzo huku si kazi ndogo. Waya wangu umevutwa kutoka nguzo ya juu, ukalegea, ukalala juu ya jiwe kubwa nyuma ya choo cha jirani, ndipo ukashuka kwangu. Upepo ukivuma unasugua ukingo wa jiwe. Ganda jeusi limelika mpaka nyuzi nyeupe za ndani zinaonekana, na pale pale waya umekunjika kama kiwiko. Faiba ni kioo. Ukiikunja kupita kiasi mwanga unatoka nje pale kwenye kona.

Nikatafuta mti wenye panda, nikauinua waya usiguse jiwe, sikuuvuta wala kuugusa pale palipolika. Nikarudi dukani kuangalia. −24.3. Mchana mzima ule haukukata hata mara moja!

Mafundi wawili, ruta mpya, wiki saba, na jibu limepatikana kwa mti wa panda na dakika ishirini za kupanda mlima. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba namba ile hawahitaji hata kuja kwangu kuiona. Kituoni kwao wanaisoma kwenye skrini, ya kila mteja, muda wowote. Kila nilipopiga ilikuwa iko mbele yao au bonyezo moja mbele yao, na badala ya kuisoma wakaniambia nizime niwashe.

Ninachodai kinajulikana. Waya ubadilishwe na upitishwe njia nyingine, mti si matengenezo. Siku nilizokosa huduma zirudishwe kwenye malipo yangu. Na tiketi isifungwe mpaka namba irudi karibu na ile ya siku ya kufungiwa, iandikwe kwenye tiketi yenyewe, mimi niione.

NYONGEZA, Jumatano usiku

Nimesoma majibu yote, asanteni.

Mkuu uliyesema ninunue ruta ya gharama yenye antena sita: antena ni za waifai, hazihusiani na mwanga unaoingia kwenye boksi. Usiwape watu hasara.

Mkuu uliyeuliza rangi ya viungio, swali zuri. Vyote viwili ni vya kijani. Waliokuta cha bluu kimechomekwa kwenye tundu la kijani wapige kelele, kwa sababu ncha ya kijani imekatwa kwa mshazari na ya bluu haikukatwa hivyo, hazikutani vizuri na mwanga unapotea hapo.

Na wewe uliyeshauri nikate palipolika niunge mwenyewe kwa kiungio cha mtaani: hapana, na tafadhali msijaribu. Waya si wangu, nikiukata nimewapa sababu ya kunilaumu. Pili, mwanga ule ni wa nanomita 1490, jicho haliuoni kabisa, lakini ni leza na inaweza kuliumiza. Mtu anaweza kuichungulia ncha akidhani haina kitu. Usichungulie ncha ya faiba hata kama umeambiwa imezimwa.

Leo upepo ulikuwa mkali na mti umesogea kidogo. −26.4 saa kumi. Imekata mara mbili. Nimepiga simu, nimewasomea namba, nimewaambia picha ya jiwe ninayo. Kijana aliyepokea akanyamaza kidogo, akasema, "Kaka, ngoja niangalie hiyo namba." Akaiangalia. Akaniambia inaonyesha −26.5. Wiki saba, huyu ndiye wa kwanza kuangalia. Nilimshukuru kwa moyo wote na bado mikono ilikuwa inanitetemeka kwa hasira.

NYONGEZA YA PILI, Jumanne

Fundi alikuja Jumamosi saa nne asubuhi, amepanda na ngazi. Nikampeleka kwenye jiwe. Akaushika ule waya akatikisa kichwa, akasema, "Bosi, huu ilikuwa usivutwe hivi." Ameleta waya mpya, ameupitisha ukutani kwa jirani mwingine aliyekubali, haugusi jiwe popote. Akapima mbele yangu: −21.6. Tangu Jumamosi hadi sasa haijakata hata mara moja, na upepo wa jana mchana uliangusha mabati ya banda la chipsi hapo chini. Fundi huyu sina neno naye, kazi ameifanya kwa saa moja na nusu na ameifanya vizuri.

Lakini uzi siufungi. Jana nimepokea ujumbe wa kufungwa tiketi, na sababu waliyoandika ni hii: "vifaa vya mteja". Vifaa vya mteja! Waya ni wao, waliuvuta wao, waliulaza juu ya jiwe wao. Nilipopiga kuuliza kuhusu siku zangu, nikaambiwa kwa kuwa tatizo lilikuwa kwenye vifaa vya mteja hakuna cha kurudisha. Kwa hiyo neno lile halikuandikwa kwa bahati mbaya.

Nimechapa barua. Nimeweka namba za tiketi zote nne, nakala za kurasa kumi na moja za kaunta buku, picha ya jiwe yenye waya wa zamani, na picha ya skrini ya namba kabla na baada. Nakala moja naipeleka ofisini kwao kesho asubuhi, wanigongee muhuri wa kupokea. Wakinikatalia kwa maandishi au wakikaa kimya, nyingine inakwenda TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapahapa Mwanza, na utaratibu ni kwamba uanze kwa mtoa huduma kwanza. Nimeanza, ushahidi ninao.

Kinyozi ameniambia juu ya mlima kuna nyumba nyingine tatu nyaya zao zinapita kwenye mawe yaleyale. Kama uko Bugarika, Igogo au Mabatini na mtandao wako unakata mchana na kutulia usiku, ingia ukurasa wa PON saa mbili asubuhi, kisha saa tisa mchana, uandike hapa chini namba zote mbili na saa inapokata. Nitaziambatisha kwenye barua.