Asali ya nyuki wadogo imeishia pipani

Kutoka: Mama Ilham, Leicester

Ndugu wanajamvi, salaam kwenu.

Nimerudi juzi kutoka nyumbani. Mwili uko hapa, roho bado iko Dar. Nina hasira, nipokeeni nayo kwanza, halafu mnipe ushauri.

Baba mdogo alinitafutia asali ya nyuki wadogo, ile nyepesi kama maji, yenye uchachu, ambayo wazee wanaiweka kabatini kama dawa. Chupa moja ya nusu lita. Nikaifunga kwenye khanga mbili, nikaiweka katikati ya begi kubwa. Kufika kaunta, mzani unasoma kilo 26 na ruhusa yangu ni 23. Binti wa kaunta hakuwa na ubaya, kaniambia tu, "Dada, punguza au ulipie." Basi nikafungua begi palepale sakafuni, foleni nzima inanitazama, nikatoa viatu, dagaa, vitenge vya watu, na ile chupa. Vyote kwenye begi la mkononi. Kwa haraka ile sikuwaza chochote.

Kwenye ukaguzi kijana akaitoa, akaiinua kwenye taa, akasema, "Hii haipiti, mama." Nikamwambia ni asali. Akajibu, "Najua ni asali."

Hapo ndipo nilipoumia. Yeye anajua ni asali, mimi najua ni asali, na bado inakwenda pipani! Kaka aliyenisindikiza alishaondoka kukimbia foleni za magari, hakuna wa kumrudishia. Nikafungua, nikamimina kwenye kifuniko mara tatu, nikalamba mbele za watu, mama mzima wa watoto wanne. Iliyobaki ikaondoka.

Sasa swali. Shemeji yangu alipita Edinburgh na chupa nzima ya maji, hakuulizwa. Sheria ni ipi hasa? Na sisi abiria tuna haki gani, au tukishaingia mlango ule tumeziacha nje?

---

Kutoka: Baba Tumaini, Minneapolis

Pole sana dada. Huku kwetu wana lao jingine. Tangu katikati ya 2018, ukiwa kwenye ndege inayokuja Marekani, vitu vya ungaunga vinavyozidi mililita 350, yaani kiasi cha kopo la soda, vinaweza kufunguliwa na kuchunguzwa, na wasiporidhika havipandi. Mke wangu alikuwa na unga wa muhogo kwenye begi la mkononi. Askari mmoja pale uwanjani, mtu wa kwetu kabisa, akauliza kwa Kiswahili, "Umebeba nini humu?" Mke wangu akajibu bila kufikiri: "Unga."

Ninyi mnajua neno hilo likitamkwa uwanja wa ndege linamaanisha nini. Dakika arobaini.

Mimi msimamo wangu ni kwamba tunaonewa. Desemba 2001 mtu mmoja, Richard Reid, alipanda ndege Paris akiwa na baruti kwenye viatu. Alishindwa. Lakini tangu 2006 Marekani nzima tukawa tunavua viatu, wazee wanainama, akina mama wamebeba watoto. Julai 2025 wakatangaza basi, vaeni. Hakuna aliyeeleza kwa nini jana ilikuwa hatari na leo siyo. Mtu huru anastahili maelezo.

---

Kutoka: Salum, Birmingham

Mama Ilham, shikamoo. Mimi nilikaa nyuma ya mashine ya ukaguzi wa mabegi miaka sita kabla sijabadili kazi, kwa hiyo leo mtanivumilia, nitaandika ndefu.

Nianze na yule kijana. Aliposema anajua ni asali alisema kweli. Shida ni kwamba kazi ile haimruhusu kujua. Akiruhusiwa kujua, atajua asali ya mama mwenye heshima zake, halafu atamkazia kijana mwenye ndevu. Mimi nimeona wenzangu "wakijua", na waliojulikana vibaya walikuwa watu wanaofanana na sisi. Kwa hiyo kipimo kikavu cha mililita 100, kinachomkata tajiri na maskini sawasawa, binafsi nakiona nafuu kuliko busara ya mtu aliyechoka saa kumi alfajiri.

Kilitoka wapi? Agosti 10, 2006, polisi wa Uingereza walikamata kundi lililopanga kulipua ndege za kwenda Marekani na Kanada kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za soda. Siku zile za mwanzo hapa ulipanda na pasi, pochi na dawa kwenye mfuko unaoonyesha, basi. Hata kitabu kilibaki. Novemba mwaka huohuo ndipo ikaja sheria tuliyoizoea: kila kichupa kisizidi mililita 100, vyote viingie kwenye mfuko wa lita moja. Na wazo la chupa halikuwa geni. Desemba 1994 Ramzi Yousef alitumia kichupa cha dawa ya kuoshea lenzi za macho kupitisha kilipuzi kwenye ndege ya Philippine Airlines, akashukia njiani, na abiria mmoja Mjapani akafa.

Mashine zetu za zamani zilikuwa zinaona umbo na rangi tu. Maji, asali, na kile wasichokitaka vyote vilikuwa doa la rangi ya chungwa kwenye skrini. Mashine mpya ni binamu ya ile ya hospitali inayokupiga picha vipande vipande. Inazunguka begi lote na kupima msongamano wa kilichomo ndani ya chupa, yaani uzito wake kwa ujazo wake. Ndiyo maana penye mashine hizo hata kompyuta huitoi. Lakini ni ghali, na ni nzito mno, kuna viwanja vilibidi viimarishe sakafu kwanza.

Sasa jibu la shemeji yako. London City waliondoa mililita 100 mwezi wa Aprili 2023. Viwanja vikubwa vya Uingereza vilipewa hadi Juni 2024, vingi vikachelewa, na mwezi huohuo hata vichache vilivyokuwa tayari vikaambiwa virudi kwenye mililita 100. Ulaya nao wakarudi nyuma Septemba 1, 2024. Halafu Julai 2025 Edinburgh na hapa kwetu Birmingham wakaruhusu mpaka lita mbili. Kinachoamua ni mashine ya mahali unapopandia, siyo pasi yako wala unakokwenda. Na ukibadilisha ndege, unakaguliwa upya kwa sheria ya hapo. Unaweza kutoka Birmingham na chupa ya maji ukipeta, na siku ya kurudi ukanyang'anywa kichupa cha mafuta ya nazi na usielewe umekosa nini.

Hapo mimi na Baba Tumaini tunakutana. Kukaguliwa si tatizo langu. Tatizo ni sheria inayobadilika kati ya mlango na mlango, halafu abiria ndiye anayeonekana mjinga.

Mengine kwa kifupi. Maziwa ya mtoto na dawa za maji vinapita hata vikizidi, ilimradi ni vya safari. Bebeni cheti cha daktari, na semeni mapema kabla begi halijaingia kwenye mkanda. Manukato ya duka la bila ushuru yaacheni ndani ya mfuko wake uliozibwa pamoja na risiti. Ukiufungua kabla ya ndege ya pili, umejipoteza. Pawabenki ni kinyume cha asali: hiyo lazima iwe mkononi, isiingie begi kubwa, kwa sababu betri ikiwaka huko chini hakuna wa kuizima. Emirates tangu Oktoba 1, 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, isiyozidi wati-saa 100, na angani huichaji wala huitumii.

Na wale wa samli, msiwalaumu watu wa mashine. Samli hata ikisafiri kwenye begi kubwa, ni zao la maziwa, na Uingereza hairuhusu nyama wala maziwa kutoka kwetu. Huyo ni mtu wa forodha, anatafuta magonjwa ya mifugo, hana habari na mabomu. Asali inaruhusiwa, mpaka kilo mbili. Kwa hiyo, mama, chupa yako ingefika salama kama ungeacha dagaa.

(Kale kamfuko ka zipu msikaogope mkienda Tanzania. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 ilikasamehe kakibeba vipodozi vya msafiri, kwa kuwa unategemewa uondoke nako.)

---

Kutoka: Mzee Mbwana, Toronto

Wanangu, nimesoma yote. Salum, umeeleza vizuri, ila umeanzia mbali.

Novemba 23, 1996 ndege ya Ethiopia ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Mimi nilikuwa Nairobi wakati huo. Vijana watatu wakaiteka, wakataka wapelekwe Australia. Rubani aliwaambia mafuta hayafiki, hawakusikia. Ikaishiwa mafuta ikaangukia baharini Ngazidja, visiwa vya Komoro, karibu na hoteli, watu wanaangalia kutoka ufukweni. Walikuwemo watu 175, wakafa 125. Mmoja wao ni Mohamed Amin, mpiga picha wetu aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya 1984.

Watekaji walikuwa na nini? Walisema wana bomu. Baadaye ikaelezwa kwamba lile bomu lilikuwa chupa ya pombe, haijafunguliwa hata kizibo. Na shoka walilotishia nalo walilikuta kwenye chumba cha rubani mlemle.

Kwa hiyo Mama Ilham, chupa ambayo hakuna anayeweza kusema kilichomo ina nguvu hata kama ndani ni asali. Lakini na Baba Tumaini naye asikilizwe, maana kizibo kile hata kingekaguliwa, shoka lilikuwa ndani, na mlango wa rubani ulikuwa wa kusukuma tu. Mlango siku hizi wameufunga. Huo sijasikia mtu akiulalamikia.

---

Kutoka: Bi Zuwena, Muscat

Kwa kina mama tu. Mashine ya mwili ikilia kwenye ushungi, msibishane kwenye foleni. Semeni nataka chumba cha faragha na mkaguzi mwanamke. Ni haki, hamuombi hisani. Hapo Uingereza na Ulaya mnaweza hata kukataa mashine ya mwili, ila mjue badala yake ni kupapaswa, tena kwa kirefu. Mimi nachagua mashine. Na pini za ushungi toeni nyumbani, siyo mnaanza kuzihesabu mbele ya watu.

---

Kutoka: Farid, London

Shikamooni wakubwa. Naheshimu asali, lakini mimi chupa wachukue zote.

Mwaka juzi nilitoka Mombasa, nikashukia kwenye uwanja mmoja wa hapa, nimepita mashine zote huko nyuma, hakuna kilicholia. Kabla ya mizigo, maafisa wawili wakaniita pembeni. Hii ni Jedwali la 7 la Sheria ya Ugaidi ya mwaka 2000. Hawahitaji kukushuku. Wanaweza kukuhoji na kukukalisha mpaka saa sita, wakachukua simu, wakataka nywila, na kukataa ni kosa la jinai. Saa ya kwanza ikipita, ili waendelee lazima wakuzuie rasmi, na hapo una haki ya wakili na ya kumjulisha mtu wako. Likariri hilo, mimi nilikuwa silijui.

Wakafungua WhatsApp. Kundi la kwanza: kamati ya harusi ya binamu yangu. Watu sitini, orodha ya michango, fulani shilingi elfu tano, fulani ahadi, fulani kamaliza. Afisa akaniuliza kwa upole kabisa, "Mweka Hazina ni nani? Kwa nini watu wote hawa wanampelekea fedha?" Nikajaribu kueleza. Akaniuliza tena, "Na kamati ya maandalizi inaandaa nini?"

Nikamjibu biriani. Aliandika.

Waliniachia baada ya saa mbili na nusu, simu ikarudi baada ya siku sita. Katika simu ile mlikuwa na picha za mama yangu bila ushungi, na maneno ya dada yangu kuhusu ndoa yake, mambo ambayo hata mimi nilikuwa nimeambiwa nisimwambie mtu.

---

Kutoka: Baba Tumaini, Minneapolis

Farid, pole mdogo wangu. Nafuta ya viatu.

Huku pia watu wa mpakani wanaweza kupekua simu. Raia akikataa kuifungua, hawawezi kumzuia kuingia nchini kwake, lakini simu yenyewe wanaweza kubaki nayo. Mwenye viza hana kinga hiyo, wanaweza kumrudisha. Mimi siku hizi nasafiri na simu nyepesi, picha na mazungumzo nayaacha nyumbani. Na naizima kabisa kabla ndege haijatua.

---

Kutoka: Mama Ilham, Leicester

Asanteni wote. Farid, mwanangu, umenifanya nione aibu kulilia chupa, lakini bado nailia.

Nimeongea na baba mdogo. Anasema nyingine anaweza kuipata, ila hanipi mimi. Je, kuna mtu anayerudi Uingereza kutoka Dar mwezi wa kwanza na begi lake halifiki kilo 22? Ni nusu lita tu, na khanga za kufungia natoa mimi, utabaki nazo. Anayebeba dagaa asijitokeze.